Tanipu Tano, Kila Moja Kama Ngumi Yangu

Jumapili, 9 Machi

Mimi ni Ngatia wa Giakanja. Miaka yangu ni sabini na nane na meno yangu yote yako isipokuwa manne. Daftari hili nimeletewa leo na binti yangu Beth. Anataka niandike kila siku, hata mstari mmoja, ndio ajue kichwa changu bado kinafanya kazi. Nimemwambia kichwa changu kilikuwa kinafanya kazi kabla yeye hajazaliwa. Akasema, "Andika tu, Baba."

Naandika Kiswahili kwa sababu kuandika nilifunzwa ngumbaro, nikiwa mtu mzima na watoto watatu, na mwalimu alikuwa na kitabu cha Kiswahili peke yake. Kikuyu nakiongea. Katika darasa lile nilikuwa wa kwanza. Tulikuwa sita.

Sasa niandike kesi yenyewe. Mwezi wa kwanza nilikaa chini kidogo kule tuta la chini nikikata nyasi ya napia ya ng'ombe. Nilikaa tu. Mwalimu Kioko, mpangaji wangu wa nyumba ndogo hapa ndani ya boma, akanipata nimekaa, akampigia Beth simu kama vile nyumba inaungua. Tangu siku hiyo Beth anasema nihamie kwake Nanyuki. Anakaa ghorofa ya tatu. Nilienda huko mara moja. Udongo wote nilioona ulikuwa wa mkebe mmoja, na ua lililokuwa ndani yake lilikuwa la plastiki.

Leo tumebishana mpaka chai ikapoa. Nikamwambia, "Mama," (namwita Mama kwa sababu amebeba jina la mama yangu, Wakiuru, na ananigombeza vile vile), "mtu anayeweza kulima hafungiwi ghorofani. Niletee mbegu yoyote, hata ya kitu sijawahi kulima, nitaiotesha."

Kumbe alikuwa amejipanga. Beth hufanya kazi upande wa Timau, kwa shamba la mboga za kupelekwa ng'ambo. Anaziosha na kuzipanga kwa makatoni. Akafungua mkoba, akatoa pakiti ndogo.

"Hii ni tanipu, Baba. Ukinionyesha tanipu tano, kila moja kama ngumi, umezilima mwenyewe na hujaanguka tena, sitataja Nanyuki. Zikikosa, unafunga nyumba tunaenda."

"Ngumi yangu ama yako?"

"Yako."

Ngumi yangu ni kubwa. Nikampa mkono. Siku ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa sita.

Kwa pakiti kuna picha. Ni kitu cha mviringo, cheupe chini, zambarau mabegani. Inakaa kama kitu kinachojiamini. Tutaelewana.

Jumatatu, 10 Machi

Nimetengeneza nasari ya kuotesha miche nyuma ya tangi la maji, pale marehemu mama Beth alikuwa anaotesha sukuma. Nimechanganya jivu, nimemwaga pakiti yote kwa mistari, nimefunika na nyasi. Mwalimu Kioko akapita akienda kazini. Anafunza kilimo shule ya sekondari hapa karibu. Ametoka Ukambani, mahali mvua ikinyesha watu wanatoka nje kuitazama.

"Mzee, hiyo ni tanipu?" akauliza. "Tanipu haipandwi nasari. Inapandwa pale pale itakapokulia, kama karoti. Ukiihamisha, mzizi unaharibika."

"Mwalimu, kwenu mnalima nini?"

"Ndengu na mtama, Mzee."

"Haya. Siku nikipanda ndengu nitakuita."

Akacheka, akaenda. Mimi nimehamisha miche miaka hamsini. Kabichi, sukuma, kitunguu, kahawa, hata miti. Niambiwe na nani kuhusu mche?

Alhamisi, 13 Machi

Hakuna kitu. Wingu tu.

Ijumaa, 14 Machi

Zimetoka! Siku nne! Hata mbegu zinamjua mwenyewe.

Jumanne, 18 Machi

Nimekutana na Mwai pale tunapopeleka maziwa. Mwai ni wakini wangu, maana yake tulitahiriwa mwaka mmoja, na tangu siku hiyo hatujakubaliana kitu.

"Ngatia, nasikia unalima chakula ya kondoo," akasema mbele ya watu.

"Kondoo gani?"

"Ya wazungu. Nikiwa kijana kule Timau, hiyo kitu tulikuwa tunarushia kondoo. Kondoo wenyewe walikuwa wanaangaliana kwanza."

"Ndio maana wewe hukupewa."

Watu wakacheka. Mwai akangoja wanyamaze. "Na Nanyuki utabeba kitanda yako ama utapata huko?"

Kwa hiyo Giakanja yote inajua. Nikamwambia, "Wakini, mimi nitazikwa hapa hapa, na wewe utachelewa kufika."

Ijumaa, 21 Machi

Mvua imeanza. Mlima haujaonekana tangu asubuhi.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua.

Jumapili, 23 Machi

Mvua. Paa la kanisa limevuja juu ya kwaya peke yake. Mungu ana masikio.

Jumamosi, 5 Aprili

Leo ndiyo kazi ya wanaume. Nimehamisha tanipu kutoka nasari mpaka tuta la chini. Nilichagua miche arobaini, ile mikubwa yenye shingo nene. Ile midogo na ile imepinda nimeiacha huko nyuma ya tangi ife polepole, sina kazi na vilema. Kila shimo nimeweka mbolea ya ng'ombe mikono miwili, ile mbichi yenye nguvu. Nimeziwekea nafasi nzuri, nimezimwagia maji ingawa mvua iko. Mtoto wa kwanza wa mtu hatunzwi hivyo.

Mwalimu Kioko alikuwa amesimama kwa mlango wake na kikombe cha chai, ananiangalia. Kunyamaza kwake kuna kelele.

Jumapili, 6 Aprili

Mgongo unauma. Lakini wa Mwai unauma zaidi na hajalima kitu.

Jumapili, 13 Aprili

Hakuna hata mche mmoja umekufa. Arobaini kati ya arobaini. Beth amepiga simu.

"Unatembea na fimbo, Baba?"

"Iko karibu."

Iko kwa msumari nyuma ya mlango. Aliniletea mwaka jana. Ni ya chuma, inavutwa na kurudi kama eriali ya redio, na chini imevishwa mpira. Sijaigusa. Baba yangu alikufa na miaka tisini, na fimbo yake ilikuwa ya kuelekeza ng'ombe.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Majani yamefika kwa goti! Kijani ya kung'aa, mapana kama sinia. Baada ya kanisa nimeleta watu wanane kuona. Hata Mwai alikuja. Akashika jani moja, akaligeuza, akatafuta makosa kama fundi.

"Majani ni mazuri," akasema.

"Sema tena, huku nyuma hawajasikia."

Nimemwangalia Mwalimu kwa mlango wake. Nimeinua mkono. Akainua wake. Sasa nani anafunza nani?

Jumanne, 29 Aprili

Mvua. Njia ya tuta la chini imekuwa sabuni.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua.

Jumamosi, 10 Mei

Leo siandiki.

Jumapili, 11 Mei

Niandike. Beth alisema kila siku.

Jana asubuhi nilisema nitoe tanipu moja nione imefika wapi. Nilishika ile yenye majani makubwa kuliko zote, ile nilikuwa nawaonyesha watu. Nikavuta. Ikatoka kwa urahisi, nikajua si vizuri. Hakuna mviringo. Hakuna bega. Chini ya majani kulikuwa na miguu mitatu, myembamba, imesokotana, na ndevu kila mahali. Kama tangawizi iliyogombana na nyingine.

Nikasema ni moja, kila nyumba iko na mmoja. Nikavuta ya pili. Miguu miwili. Ya tatu ilikuwa na mkono. Nimevuta saba, na kati ya saba hakuna hata moja ningempa adui. Mbili za mwisho nilizigombeza kwa sauti, mpaka ng'ombe akaacha kula.

Nikarudishia udongo, nikaukanyaga vizuri ndio mtu akipita asione mashimo. Zile saba nikampa mbuzi. Alikula. Lakini aliniangalia kwanza.

Mbegu hakuna, pakiti yote niliimwaga siku moja. Hata zingekuwa, zimebaki wiki saba peke yake. Jioni Beth akapiga simu.

"Tanipu zinaendelea aje, Baba?"

"Ziko na nguvu," nikasema. Si uwongo. Moja ilikuwa na miguu mitatu.

Nilipoweka simu nilijikuta naangalia sanduku langu la safari, la bati, lililo juu ya kabati. Nikaangalia mahali pengine.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua. Mwalimu amenisalimia. Nimejifanya nasikiliza redio. Redio ilikuwa imezimwa.

Jumatano, 14 Mei

Mvua. Nimevuta tatu zingine. Yale yale.

Jumamosi, 17 Mei

Leo nina mengi ya kuandika.

Asubuhi kama saa mbili nilienda nyuma ya tangi kuzibua mfereji, maji yalikuwa yanaingia jikoni. Nilikuwa nimevaa gambuti, na jembe mkononi. Mguu wa kushoto ukakanyaga tope, ukaenda safari yake, na mimi nikabaki. Nikaanguka kwa ubavu. Tope likaingia kwa sikio. Nikasema nitainuka. Goti likasema hapana. Nikajaribu upande wa pili. Likasema hapana tena.

Nikiwa pale chini niliamua kitu, na nitakiandika kwa sababu mtu hawezi kuongopa na shavu lake likiwa kwa matope. Mwezi wa kwanza sikukaa. Nilianguka. Nilianguka saa mbili asubuhi nikalala pale kwa napia mpaka saa saba. Niliita. Ng'ombe peke yake ndiye alijibu. Kwa hiyo Beth hakuwa anaota. Basi, nimeandika.

Sasa macho yangu yalikuwa chini kabisa, pale panya huangalia. Pale nasari ya zamani magugu yalikuwa yamefunga kabisa, hata nilikuwa nimesahau. Lakini kwa chini, kati ya magugu, nikaona kitu cha zambarau. Nilifikiri ni kipande cha kikombe. Nikanyoosha mkono, nikafukua na kidole. Kilikuwa laini. Kilikuwa na bega. Nikafukua zaidi. Kilikuwa mviringo, kidogo kama yai la njiwa, lakini mviringo! Kando yake kingine. Na kingine.

Zile vilema! Zile nilizokataa, nikaziacha zife. Hakuna aliyezihamisha, hakuna aliyezipa mbolea, na zimekaa pale pale zilipoanguka siku ya kwanza, zikafanya kazi yao kimya kimya.

Nilianza kucheka. Nililala kwa matope nikicheka mpaka nikakohoa. Ndipo Mwalimu Kioko akaja mbio, leo si siku ya shule.

"Mzee! Umeanguka?"

"Tazama hapa."

"Kwanza tuinuke, Mzee."

"Kwanza tazama!"

Akapiga magoti kwa tope na suruali yake nzuri. Akaangalia. Akafukua moja kidogo, akaifunika tena kwa upole, kama mtu anayemfunika mtoto. Nikangoja aseme "nilikuambia." Nilikuwa nimelala pale, siwezi hata kumkimbia, nikangoja. Hakusema. Ningekuwa mimi ningesema mara tatu, na ya nne nikiwa njiani kwenda kwa Mwai.

Aliniinua, akanipeleka kwa kiti, akanichemshia maji ya kuoga. Nikamwambia, "Mwalimu, Beth asijue."

Alifikiria. "Sitampigia simu, Mzee. Lakini akiniuliza, sitamdanganya."

Nilitaka kukasirika. Nimeshindwa kupata mahali pa kuanzia.

Jumapili, 18 Mei

Sikwenda kanisani, goti limevimba. Nimemwita Mwalimu. Nimemwambia, "Nifundishe." Neno hilo lilitoka kama jino.

Tumeng'oa magugu. Kumbe ziko tanipu ishirini na tatu, zimebanana kama ndugu kwa kitanda kimoja. Akasema lazima ning'oe nyingi, zibaki chache zenye nafasi. Mimi sijawahi kung'oa mche ulio mzima. Ni kama kumfukuza mgeni kabla hajanywa chai. Nimeng'oa. Zimebaki tisa. Mwalimu alisema hizo tisa hazitaki mbolea tena, hazitaki kuhamishwa, zinataka tu nisizisumbue.

"Hiyo ndiyo ngumu," nikamwambia.

"Najua, Mzee," akasema. "Nimekaa hapa miaka mitatu."

Jumapili, 25 Mei

Sasa ni kama yai la bata. Nimepima na ngumi. Bado.

Jumapili, 1 Juni

Sikukuu ya Madaraka. Baridi imeingia. Ni kama chungwa dogo. Tisa kati ya tisa. Nimemwambia Mwai anunue suti ya kuja kuziona.

Jumamosi, 7 Juni

Nilikuwa nimesema mapema. Majani ya mbili yamelala. Nikavuta, yakaja majani matupu, chini hakuna kitu, shimo tu. Fuko! Amezila kutoka chini, na juu ameacha bendera. Zimebaki saba.

Jumatatu, 9 Juni

Mbili zingine. Tano! Sasa ni tano kamili, na fuko hajui kuhesabu.

Mwalimu amesoma vitabu vingi lakini mtego wa fuko hajawahi kuona. Leo yeye ndiye alikuwa mwanafunzi. Nimemwonyesha kutafuta njia ya fuko kwa kijiti, kupinda mti mbichi, kufunga kitanzi cha waya, kuweka kiazi kama chambo. Aliuliza maswali na akaandika kwa karatasi. Nilimwambia swali moja ni la kijinga. Alikubali. Huyu ni mtu mzuri.

Jumatano, 11 Juni

Nimemnasa! Mnono kama mchungaji. Nimekata mkia nikaupeleka pale kwa maziwa, Mwai auone.

Lakini nimemnasa akitoka kula. Ile ya tano amekula nusu. Zimebaki nne.

Nimehesabu mara tatu. Nne.

Alhamisi, 12 Juni

Ukungu.

Jumapili, 15 Juni

Ukungu na manyunyu. Nne. Moja imefika ngumi.

Ijumaa, 20 Juni

Nimeenda tuta la chini nikang'oa zote zilizokuwa zimebaki, labda moja imejirekebisha. Hakuna. Nimeweka moja kando, ile yenye miguu mitano, sijui kwa nini. Zingine ni za mbuzi, na mbuzi naye amechoka.

Jumanne, 24 Juni

Nne, na zote nne ni ngumi. Tulisema tano.

Alhamisi, 26 Juni

Nimeenda Nyeri mjini kununua chumvi. Chumvi iko hata kwa duka la hapa chini.

Sokoni mama mmoja alikuwa na tanipu, safi, zimeng'aa. Nimenunua moja, nikaiweka ndani ya koti. Nyumbani nimeipaka udongo wa nyuma ya tangi. Nimeilaza kando ya ndugu zake. Mtu akiziangalia kwa mbali ni tano.

Mwalimu alipita. Aliziangalia. Aliniangalia. Akasema leo ni baridi. Nikakubali ni baridi.

Jumamosi, 28 Juni

Beth alifika saa nne, na mkate na sukari. Sikumngojesha. Nilikuwa nimezing'oa asubuhi, nikazipanga mezani kwa mstari, kama maaskari. Mwalimu nilikuwa nimemwita awe shahidi. Sasa naona haikuwa akili.

Beth akasimama. Akaweka mkono kwa mdomo. "Baba! Wewe!"

"Nilikuambia," nikasema. Mimi husema.

Akachukua ya kwanza, akaigeuza, akanusa. Akaenda ya pili, ya tatu, ya nne, anatabasamu. Akashika ya tano. Akaisugua na kidole gumba. Tabasamu likaisha.

"Hii si yako."

"Kwani iko na kitambulisho?"

"Mkia umekatwa na kisu, hivi, upande. Zako zote ziko na mkia. Na hii udongo iko nje tu, hata haijashika. Baba, mimi huosha hizi vitu kutoka asubuhi mpaka jioni. Hii labda nimeiosha mimi mwenyewe."

Kuna kuku alipita kwa mlango, na sote tulimwangalia kana kwamba atasaidia.

Halafu Beth hakuuliza kuhusu tanipu tena. Aligeuka. "Mwalimu," akasema, "Baba ameanguka tena?"

Mwalimu Kioko aliniangalia. Nilimwona mtu anayekatwa katikati. Miezi mitatu iliyopita ningemwacha akatike. Nikasema, "Usimuulize yeye. Niulize mimi. Nimeanguka. Tarehe kumi na saba mwezi wa tano, nyuma ya tangi. Na mwezi wa kwanza sikukaa. Nilianguka."

Nikachukua daftari kwa kabati nikaliweka mbele yake. "Soma. Yote iko hapo."

Akakaa kwa kigoda akasoma. Mimi nikaenda kumenya zile nne na viazi, maana mikono ilitaka kazi. Nikamsikia akicheka pale kwa kwaya. Akacheka pale kwa mbuzi. Halafu akanyamaza, na nikajua amefika wapi.

"Uliita, Baba, na hakuna mtu?"

"Ng'ombe alijibu."

Alijifuta macho na mkono wa sweta. Nikaona ndiyo nafasi. Nikaleta ile tanipu ya miguu mitano, nikaiweka kando ya moja nzuri ambayo sikuwa nimeikata. "Mama, ona. Hii mbaya ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote kwa nasari. Niliihamisha na mapenzi yote. Nikaipa nafasi, mbolea, kila kitu. Angalia vile imekuwa."

"Baba, usinifundishe na tanipu."

"Nasema tu."

"Tulisema tano. Ni nne."

"Ni nne."

"Na umeanguka."

"Nimeanguka."

"Kwa hivyo umeshindwa."

Neno hilo sijawahi kulisema juu yangu, hata mbele ya kasisi. Nikalisema. "Nimeshindwa." Nikaangalia juu ya kabati, kwa sanduku.

Beth akafunga daftari. "Mtu anayesema ameanguka naweza kumwacha peke yake," akasema. "Ni yule anasema amekaa tu ndiye alikuwa ananiogopesha." Akavuta pumzi. "Simu itakaa kwa shingo, na kamba. Mwalimu atakuwa na ufunguo na kila asubuhi atabisha. Na fimbo."

"Simu sawa. Mwalimu sawa."

"Na fimbo."

"Hiyo fimbo, Mama..."

"Baba!"

Ilikuwa sauti ya mama yangu kabisa, na yeye alikufa nikiwa na watoto. "Fimbo sawa," nikasema.

Tulikula tanipu, tumeziponda na viazi na majani yake. Mwalimu alirudia mara mbili. Ni tamu, mwishoni zinauma ulimi kidogo. Hata ile ya kununua tulikula, na ndiyo haikuwa na ladha. Beth alipokuwa anaondoka aliacha pakiti nyingine mezani. Alisema ni ya mvua ya mwezi wa kumi.

Jumapili, 29 Juni

Nimeenda kanisani na fimbo. Mwai alikuwa amengoja kwa lango, nafikiri tangu jana.

"Ngatia! Umeota mguu wa tatu kama tanipu yako!"

"Wakini," nikamwambia, "huu wa tatu peke yake una nguvu kuliko yako miwili."

Hata kasisi alicheka. Halafu Mwai akaomba kuishika. Akaivuta, akairudisha. Akauliza Beth aliipata wapi.

Jumatatu, 30 Juni

Mwalimu amebisha saa kumi na mbili na nusu. Nimemjibu niko. Akaenda kazini.

Mwezi wa kumi ni mbali, na mimi niko na tangi limejaa. Nimeenda nyuma ya tangi na pakiti mpya. Fimbo nimeifupisha mpaka mwisho. Ule mpira wake wa chini unatoboa shimo la kina cha ukucha, sawasawa vile tanipu inataka. Waliotengeneza hawakujua wametengeneza nini. Mashimo ishirini, mstari mmoja umenyooka, mbegu mbili kila shimo, pale pale zitakapokulia. Kwa mwisho wa mstari nimeweka mtego wa fuko.

Nilipomaliza nilikuwa kwa magoti. Nikairefusha tena ile fimbo, nikaikita kwa udongo, nikainuka.

Mama, ukifika hapa kusoma: nimeinuka mara moja tu, na bila kuita mtu.